Gofu ya Jumamosi Tarehe Ishirini na Nane

Jumanne, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zinakwenda, na Shangazi mwambie gauni limenikaa vizuri ila mikono mirefu. Nakuandikia mapema kuliko kawaida yetu kwa sababu jambo lenyewe ni la haraka, na simu kwako ni kazi bure. Nitapiga kelele ofisi nzima isikie, wewe tu usisikie.

Mkurugenzi ameniita leo ofisini kwake. Nilidhani ni yale yale ya ratiba ya lifti. Kumbe ananiambia Jumamosi ya tarehe 28 nikacheze naye gofu. Mimi, Baba. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema watakuwa yeye, mwenye jengo moja kubwa tunalolihudumia, na mwanasheria wa huyo mwenye jengo, na wa nne wamenichagua mimi. Nikamwambia sijawahi kushika fimbo ya gofu tangu nizaliwe. Akasema, "Hakuna aliyezaliwa nayo mkononi. Kule ndiko watu wanakojuana. Hapa ofisini tunaonana tu."

Unajua kiti cha mkaguzi mkuu kiko wazi tangu Desemba. Mimi nina miaka kumi na mmoja hapa, na katika mafundi wote wa lifti hakuna aliyenitangulia isipokuwa wawili wanaosubiri kustaafu. Sijaambiwa kitu, lakini mtu hamwiti fundi wake uwanjani ili apigwe na jua tu.

Sasa wewe ulikata nyasi za uwanja wa gofu miaka kumi na tisa, na kabla ya hapo ulibeba mifuko ya wachezaji. Katika ukoo wetu mzima hakuna mwingine anayejua mambo yale. Nifundishe kwa barua. Nisimame vipi, nishike vipi, nivae nini, niseme nini na ninyamaze lini. Sitaki kushinda. Sitaki kuchekwa, basi.

Kuna fomu moja imekaa mezani kwangu, nataka niimalize kabla ya siku hiyo, kisha akili yangu yote iwe kwenye mpira.

Binti yako,
Nati


Ijumaa, 6 Machi

Nati,

Barua yako nimeipata. Usiende.

Mwambie mgongo unakuuma. Mgongo hauna kipimo, hakuna atakayekubishia.

Mfereji wa paa umeziba, nitauzibua Jumapili. Shangazi yako anakusalimu.

Baba yako


Jumanne, 10 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako ungeweza kuituma kwa telegramu kama bado zingekuwapo. Salamu za Shangazi, mfereji wa paa, na hapo katikati umenikata miguu bila hata kuniambia kwa nini.

Nilikaa siku mbili ili nisikuandikie kwa hasira. Hasira bado ipo, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Jumapili nilikwenda mahali pa mazoezi, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kuna mwalimu pale, mtu mnene mwenye sauti ndogo, anasema kila kitu kama anakutolea siri. Nilipewa ndoo ya mipira hamsini. Niliyoigusa ni kumi na minane. Mmoja ulirudi nyuma, na mwalimu mwenyewe akasema hajapata kuona mpira ukirudi nyuma. Viganja vimetoka malengelenge na leo kushika spana ilikuwa shida. Hata hivyo nitarudi kesho, na keshokutwa, kwa sababu siku ile nitakwenda.

Nakumbuka ulivyokuwa unaviacha viatu vyako nje ya mlango wa nyuma ili majani yasiingie ndani. Nakumbuka pia kwamba hukupenda tukuulize habari za kazi yako. Nikiuliza, ulijifanya hujasikia, mpaka ikawa kweli husikii. Kama unaona aibu kwamba uliwakatia wengine nyasi, mimi sioni. Nilisema shuleni, nilisema kwenye usaili wa kazi, na nitasema Jumamosi hiyo nikiulizwa. Lakini usinifungie mlango kwa sababu wewe hukufunguliwa.

Sikuomba ruhusa, Baba. Niliomba unifundishe.

Nati


Ijumaa, 13 Machi

Mwanangu Nati,

Ni mimi shangazi yako. Baba yako yuko kwa kinyozi, kwa hiyo nina kama nusu saa, na nakuomba usimwambie kwamba nimekuandikia.

Barua yako ya juzi imemchoma. Ameisoma pale kwenye kiti chake, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Halafu akatoka uani na dekio langu, akang'oa kitambaa, akaanza kupiga ndimu kwa mpini. Nilimkuta amesimama kama askari wa gwaride, anazungusha kiuno na umri ule. Ndimu moja imempata jirani begani akiwa anaanika nguo. Nimeomba radhi mimi, yeye akaingia ndani. Mpini umevunjika na hajanunua mwingine.

Sasa la maana. Ameandika barua tatu na zote amezichana. Vipande nilivikuta kwenye ndoo ya takataka. Sikutaka kusoma, lakini mtu akifagia macho yanakuwa wazi. Kimoja kiliandikwa "masikio yangu" basi. Kingine "yule mhandisi", na mstari umekatwa.

Wewe unafikiri ni aibu ya nyasi. Siyo. Mimi najua nusu yake, na nusu hiyo niliipata kwa marehemu mama yako, siyo kwake. Si langu kulisema. Muulize tena, lakini muulize polepole, usimpigie meza.

Nasikia lango.

Shangazi yako


Jumamosi, 14 Machi

Nati,

Nilikujibu vibaya. Nisamehe. Tuanze na ulichokiomba.

Fimbo ishike kwa vidole, usiishike kwa kiganja. Ishike kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara, asikuponyoke wala usimuumize. Wewe umezoea spana, na spana inataka nguvu. Fimbo ya gofu ukiitilia nguvu inakudharau. Ndiyo maana una malengelenge.

Miguu ipanue sawa na mabega. Magoti yalegee kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa akasikia hodi mlangoni. Fimbo ipande polepole na ishuke yenyewe, uzito wake unatosha.

Macho kwenye mpira. Ukishauondoa, endelea kutazama pale ulipokuwa. Wageni wote huinua kichwa haraka waone umekwenda wapi, na kwa sababu hiyo haujaenda popote.

Mwenzako akipiga, usiseme na usitembee, na kivuli chako kisimwangukie. Mpira wako ukiingia kwenye mchanga, ukishatoka chukua reki usawazishe nyayo zako mwenyewe, usimwachie mtu. Ukichimbua nyasi, kirudishe kipande mahali pake ukikanyage. Nimerudisha vipande vya watu miaka kumi na tisa, najua ninachosema.

Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kofia na maji usisahau. Wakikuuliza umejifunza wapi, waambie kwa baba yako.

Sasa la mwisho, na hili mwalimu wako mwenye sauti ndogo hatakufundisha. Watu wale hawakuiti ili wakuone unavyopiga. Mchezo ule ni mwendo wa saa mbili tatu bila karatasi, bila katibu, bila mtu upande wa pili wa ukuta. Wakishacheka kidogo na kuchoka kidogo, mara nyingi karibu na shimo la tano au la sita, mmoja atakuja atembee karibu nawe.

Umeandika kwamba kuna fomu moja imekaa mezani kwako. Fomu gani?

Baba yako


Jumatano, 18 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido ya posta, na nilipofika kwenye lile swali nikakaa chini.

Sikukuficha kwa ubaya. Nilifikiri ni jambo la kazi tu, nitalimaliza kikazi.

Huyo mwenye jengo ana ghorofa kumi na moja. Chini maduka, juu ofisi, ghorofa ya nane kuna zahanati ya watoto. Lifti ziko mbili. Januari nilikagua namba mbili na nikaifunga. Pedi za breki zimelika mpaka chuma kinagusa chuma, na katika kamba za chuma zinazoibeba, moja ina nyuzi zilizokatika, unazihisi ukipitisha kitambaa. Niliijaribu kwa nusu ya mzigo wake. Nikaiamuru isimame ya nne, ikasimama mita nzima chini ya ya nne. Nikaweka kadi nyekundu mlangoni na kuandika hairuhusiwi mpaka ibadilishwe breki na kamba.

Tarehe 1 Aprili wapangaji wapya wanaingia ghorofa tatu za juu. Lifti moja haitoshi. Fomu inayosema namba mbili ni salama inataka saini ya aliyeifunga, yaani mimi. Imeletwa mezani kwangu imeshajazwa yote isipokuwa jina.

Mkurugenzi hajaniomba niitie saini. Hilo ndilo linalonitatiza. Kila nikitaka kulizungumza anasema, "Tutaongea uwanjani." Jumatatu nilipita pale nikakuta kadi nyekundu haipo. Mlinzi anasema hajui. Nikaweka nyingine. Leo asubuhi nayo haipo, na mlango wa lifti umefutwa vizuri, hata gundi haionekani.

Labda ni mchezo tu, Baba. Labda anataka kweli kunipa kile cheo, na fomu ni mkanganyiko wa ofisi. Nikikataa kwenda nitaonekana sina adabu na nimemshuku mtu bure. Nikienda, sijui nitakuwa nani nikirudi. Usiku silali vizuri, mchana nakosea hata namba za vipuri.

Jana nilipiga mipira hamsini, thelathini na mmoja ilikwenda mbele. Nilishika kwa vidole.

Wewe umejuaje habari za shimo la tano? Nakuuliza polepole.

Nati


Jumapili, 22 Machi

Nati mwanangu,

Umeniuliza na nitakujibu. Nikikatiza tena sitaimaliza, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Wewe ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa bado nabeba mifuko, sijahamishiwa kwenye nyasi. Siku hiyo nilimbebea meneja mmoja wa kampuni ya ujenzi. Alikuja na mhandisi kijana, hajatimiza hata miaka thelathini, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza. Alikuwa amenunua viatu vipya vinambana. Alikuwa ananiuliza mimi kila kitu, anaona haya kumwuliza mwenyeji wake. Nilimpenda.

Tulipotoka shimo la tano meneja akaja akatembea naye. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yao na mfuko begani. Meneja akamwambia kuhusu ukuta wa ghala moja la nafaka. Yule kijana alikuwa ameandika kwamba ukuta una nyufa kwenye msingi, usipakiwe. Meneja akasema ukuta utaimarishwa baada ya mavuno, barua ya kuruhusu inatakiwa wiki hii, na yeye mwenyewe anabeba jukumu. "Mimi nimekwambia, na mimi nitasema nilikwambia." Maneno yake hayo. Kijana alikaa kimya mpaka tukafika kwenye mpira, halafu akasema sawa.

Miezi minne baadaye ukuta ulianguka. Wapakiaji wawili walikufa chini ya magunia.

Meneja akasema hajawahi kuzungumza naye habari za ghala hata siku moja. Barua ilikuwa na saini ya kijana peke yake. Akaja nyumbani kwetu, Jumapili kama leo. Wewe ulimfungulia mlango, ulimletea maji. Akaniambia, "Mzee, wewe ulikuwepo. Ulisikia. Sema tu ulisikia." Sikuwa mzee, nilikuwa na miaka arobaini.

Siku mbili kabla yake alikuwa amekuja karani wa klabu. Aliniambia kuna nafasi ya kudumu kwenye nyasi, na kwamba watu waliokaa muda mrefu na mashine wengi wao hawasikii vizuri, akasema anadhani nimemwelewa. Nilikuwa nimemwelewa.

Nikamwambia yule kijana sikusikia. Nikaitwa kwenye uchunguzi, nikasema sisikii vizuri, hata mkiniuliza mnipigie kelele. Wakanipigia kelele. Kijana alifungwa miaka sita.

Masikio yangu yalikuwa mazima, Nati. Ikabidi niishi na uongo ule ndani ya nyumba, kwa sababu watoto husema mitaani. Mama yako alijua, lakini wewe hukujua. Miaka mitatu ulikuwa unanipigia kelele na mimi nilikuwa nakusikia hata ukinong'ona na mdoli wako. Baadaye mashine zikayachukua kweli, nikashukuru, maana ilikuwa imenichosha.

Ndiyo maana nilikuambia usiende. Niliandika kwa woga, na mwenye woga hajui kueleza.

Sasa siwezi kukuambia usiende, maana fomu itakufuata hata ofisini. Nakuambia haya matatu tu. Ripoti yako iandike upya yote, uipeleke kwenye ofisi ya serikali ya usalama kabla ya Jumamosi, wakugongee muhuri. Ukiipeleka baada ya mchezo watasema ni kinyongo. Pili, usikubali mbeba mfuko wako aambiwe atangulie. Tatu, akisema nawe kwa sauti ya chini, usimjibu kwa sauti ya chini.

Nakuombea.

Baba yako


Jumatano, 1 Aprili

Nati,

Ni Shangazi. Leo siandiki kwa siri, yeye mwenyewe amenituma.

Jumamosi imepita, Jumapili imepita, leo Jumatano, na wewe kimya. Nimekupigia mara nyingi, simu yako imezimwa. Baba yako anakwenda posta asubuhi na mchana. Karani wa pale amechoka kumwonyesha sanduku tupu. Chakula hali vizuri. Jana ameniuliza kama barua yake ya tarehe 22 niliiwekea stempu ya kutosha. Nimemwambia ndiyo. Halafu akaniuliza kama ningekuwa mimi binti yake, baada ya kuisoma ile, ningemwandikia tena. Nilimpa chai.

Kama umemkasirikia, mkasirikie kwa maandishi. Hata mistari miwili.

Shangazi yako


Alhamisi, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Simu yangu ya kazi wamenichukua Jumatatu, na kabla ya leo sikuwa na la kukuandikia ambalo lisingekutisha.

Ripoti niliipeleka Ijumaa mchana. Nakala tatu, zote zimegongwa muhuri.

Jumamosi nilikwenda. Walinipokea vizuri kupita kiasi. Mwenye jengo ni mtu mpole, aliniletea maji kwa mkono wake. Mfuko wangu ulibebwa na mama mmoja wa makamo, mwembamba, hana maneno. Pigo langu la kwanza nilikosa mpira kabisa. La pili uliondoka ukitambaa kama panya aliyefumaniwa jikoni. Wakacheka, na mimi nikacheka, na kufikia shimo la tatu nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba wewe na mimi tumemsingizia mtu.

Tukicheza la tano mpira wangu na wa Mkurugenzi ikaangukia upande mmoja. Wale wawili walikuwa mbele kama hatua ishirini. Akamwambia yule mama, "Tangulia, utusubiri kwenye bendera."

Nikasema, "Abaki tafadhali. Bila yeye sijui nishike fimbo ipi."

Alitabasamu. Tukatembea. Akasema, "Mwenye jengo amekupenda. Ameniambia mwenyewe kwamba huyu ndiye wa kuwa mkaguzi mkuu." Halafu akafungua kijimfuko cha pembeni cha mfuko wake wa fimbo, aliokuwa akiubeba mwenyewe, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne pamoja na kadi za mchezo. Niliijua kabla hajaikunjua.

"Breki mpya zimeshaagizwa," akasema. "Zitafika mwezi wa tano. Ni tarehe tu zinagongana."

"Zimeagizwa wapi?" nikamwuliza, kwa sababu maagizo ya vipuri hupita mezani kwangu.

"Fundi, leo tumekuja kucheza." Akanipa kalamu. "Mimi ndiye ninayebeba jukumu. Si umenisikia?"

Kalamu sikuipokea. Nikatoa sauti ile ninayotumia nikiwa juu kwenye chumba cha mashine na mwenzangu yuko chini kabisa. Nikasema, "Mkurugenzi, unaniomba nitie saini kwamba lifti namba mbili ni salama, na breki yake haishiki. Sitaitia."

Mwenye jengo alikuwa ameinua fimbo apige. Akaishusha. Mwanasheria akageuka, akasema, "Hapa si mahali pa mambo ya kazi."

Nikamwambia, "Ni kweli. Fomu sikuja nayo mimi."

Mwenye jengo akaja mpaka tulipo. "Haishiki vipi? Mimi niliambiwa imebaki saini tu." Nikamweleza ile mita moja chini ya ghorofa ya nne. Nikamwambia nusu ya mzigo ndiyo hiyo, wakijaa watu wanane sijui itasimama wapi. Mkurugenzi akacheka, akasema fundi wake anapenda kutia chumvi. Mwenye jengo akasema, "Tumalize mchezo." Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa hajui, au alijua namna ya kuuliza tu.

Katika mashimo tisa yalikuwa yamebaki manne. Tuliyacheza yote. Ni katika hayo nilipopiga mpira wangu wa kwanza mzuri. Sikuinua kichwa. Nilisikia tu yule mama nyuma yangu akisema, "Huo umekwenda."

Jumatatu nikapewa barua. Nimemdhalilisha mteja, nimesimamishwa kazi, na habari ya fomu haikuzungumzwa kabisa uwanjani, nimeitunga. Jumanne wakaguzi wa serikali walifika kwenye jengo na ripoti yangu mkononi. Waliifungua breki, wakaizima lifti na kuitia lakiri. Kwa hiyo hilo limekwisha, hakuna atakayeipanda.

Jana Jumatano niliitwa mbele ya wakubwa wa kampuni. Mwenye jengo na mwanasheria wake walikataa kuja. Mkurugenzi akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba pale walikuwa wawili tu, pamoja na mbeba mfuko ambaye hakusikia kitu.

Nimefikiria sana kama nikuandikie hili linalofuata.

Jumanne nilikuwa nimemfuata yule mama kwenye banda la mifuko. Sikumwomba. Nilimwambia tu nimeitwa kesho saa nne asubuhi, na wapi. Akaniitikia, akaendelea kufuta fimbo. Jana saa nne na robo mlango ukagongwa, akaingia, sare yake ameikunja kwenye mfuko wa plastiki. Wakamwambia hakuitwa. Akasema, "Najua. Nimekuja kusema nilichosikia." Akasema amesimama, neno kwa neno, mpaka ile ya breki kufika mwezi wa tano. Mkurugenzi akamwuliza kama anajua klabu yake itamfanyia nini. Akamjibu kwamba msimamizi ameshamwambia asubuhi, ndiyo maana amekuja na sare, airudishe akitoka hapa. Ana watoto watatu. Akauliza kama wamemaliza naye, akaondoka.

Bado nimesimamishwa. Cheo amepewa mwingine. Lakini barua ya kusema nimetunga imeondolewa kwenye jalada langu, na sasa anayeulizwa maswali ni Mkurugenzi.

Kuhusu barua yako. Nakumbuka nikipanda kwenye kiti ili nifike sikioni kwako, nikupigie kelele kwamba nimefaulu hesabu. Uliniambia rudia. Nikarudia. Nimelia kwa hilo kuliko kwa kazi. Sijui nikuambie nini bado, na sitaki kukudanganya kwamba yamekwisha. Lakini nakuandikia, na nitaendelea kukuandikia.

Nati


Jumanne, 7 Aprili

Nati,

Barua yako nimeisoma, na Shangazi yako nikampa aisome, nikamsimulia mwenyewe yaliyobaki, na yale aliyokuwa anajua nusu sasa anajua yote.

Yule mama mwenye mfuko umpelekee salamu zangu. Usimweleze mimi ni nani, sema baba yako tu.

Sikuombi unisamehe kwa barua moja. Nakuomba kazi ndogo. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine haijafungwa. Karani wa posta ana ndugu aliyefanya kazi na yule mhandisi, ndiye amenipa habari zake. Alitoka, hakurudishiwa leseni yake, sasa anatengeneza pampu za maji katika mji huo huo unaokaa wewe, nyuma ya soko la mbao. Isome kwanza. Ukiona inafaa, ifunge umpelekee mkononi. Asipotaka kuipokea, iache mlangoni.

Baba yako


Jumanne, 7 Aprili

Kwa Mhandisi,

Huenda hunikumbuki kwa sura. Mimi ndiye niliyebeba mfuko wa meneja siku uliyocheza gofu kwa mara ya kwanza, ukiwa na viatu vipya.

Ulikuja kwangu ukaniomba niseme nilisikia. Nikakuambia sikusikia. Nilisikia yote. Meneja alikuambia ukuta utaimarishwa baada ya mavuno, barua inatakiwa wiki ile, na jukumu analibeba yeye. Alisema, "Mimi nimekwambia, na mimi nitasema nilikwambia." Wewe ulikaa kimya mpaka tukafika kwenye mpira, halafu ukasema sawa. Uliposema sawa hukuwa unamtazama yeye. Ulinitazama mimi.

Nilinyamaza kwa ajili ya kazi ya kukata nyasi. Ulikaa ndani miaka sita kwa kunyamaza kwangu, na waliokufa chini ya ukuta jamaa zao hawajaambiwa ukweli mpaka leo.

Barua hii ni yako, itumie utakavyo. Nimeitia saini mbele ya dada yangu, naye ametia yake. Ukitaka niseme mbele ya hakimu au mbele ya jamaa wa wale wapakiaji, nitakuja, nina nauli na nina miguu. Ila waambie maswali waniandikie kwenye karatasi. Siku hizi kweli sisikii.

Aliyebeba mfuko